Namba Inayopanda

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu zote, hata zile ambazo juma lililopita nilizimeza kwa hasira tukakata simu bila kuagana. Natumaini u mzima, wifi yangu ni mzima, na wanao hawajamshinda mwalimu wao. Mgongo wako je? Wifi aliniambia siku hizi huko ofisini unakalia mto, nami nikacheka, kisha nikaona si jambo la kucheka. Huku sisi sote hatujambo. Baba hajambo. Mama hajambo pia, isipokuwa lile goti lake la kushoto ambalo hutabiri mvua na mara nyingi hukosea. Mimi nipo pale pale duka la dawa, nasoma maandishi madogo ya kwenye maboksi kutwa nzima. Mume wangu yupo karakana kwake na mbao zake.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Nyumba ile unaijua, Kaka. Ukipiga simu sebuleni, Baba anasikia akiwa uani, na haya ninayotaka kukwambia hayafai masikio yake. Tena kwenye simu ningekupandishia sauti, wewe ungenikumbusha kwamba ni mkubwa wangu, na tungeishia hapo. Karatasi ina subira kuliko sisi wawili.

Ni habari ya gari. Ulimpigia mume wangu ukamwambia kwamba umeangalia bili za kituo cha mafuta, na kwamba mafuta hayana miguu ya kutembea yenyewe. Ukamweleza hesabu yako. Baba anakuambia gari linakwenda kilomita kumi na nne kwa lita, lakini kwa mafuta unayolipia na mwendo linaokwenda, unaona ni saba tu, kwa hiyo nusu nzima inapotea njiani. Na kwa kuwa yeye ndiye anayelipeleka gari kituoni kila Jumamosi, ukamwachia amalizie mwenyewe. Kisha ukasema ukija likizo utaliuza, ili kila mtu apumzike.

 Mume wangu aliweka simu juu ya meza yake ya kazi akaendelea kupiga randa ubao mpaka ukawa mwembamba haufai hata kwa kiti cha mtoto. Tangu siku hiyo hakanyagi kwa wazee. Baba akimuuliza, anasema kazi zimembana. Unamjua alivyo, hata msumari wa mteja ukibaki anaurudisha. Nakwambia kweli, Kaka, uliniumiza. Lakini nilijiambia, kabla sijakurushia maneno, ngoja nipande gari lile mwenyewe nione linakopeleka hayo mafuta.

Kabla sijafika huko, hebu tukumbushane Baba alikuwa dereva wa namna gani, maana naona huko uliko umeanza kusahau.

Unaikumbuka pikapu ya kiwanda cha mikate? Ile ya bluu, yenye mlango wa kushoto unaofungwa kwa kamba? Wenzake pale kiwandani walimwita Tone, kwa sababu akijaza mafuta alikuwa hauachi ule mpira mpaka autikise, tone la mwisho liingie. Nyumbani alikuwa na mkono mkunjufu, viatu vya shule tulipata, mgeni hakuondoka na njaa. Lakini likija suala la mafuta alikuwa mkono wa birika hasa. Haba na haba, alikuwa akisema, nasi tukimalizia nyuma kwa sauti moja, hujaza kibaba.

Jumapili alipoazimwa ile pikapu twende kwa Bibi, safari ilianza kwa ukaguzi. Kila kizito kilishushwa. Wewe ulishushiwa mfuko wako wa gololi, ukalia njia nzima. Mimi nilikatazwa kutoa mkono dirishani kwa kuwa mkono unashika upepo na upepo unakula mafuta. Alisema dereva anayekanyaga breki mara kwa mara ni sawa na mtu anayepika chakula kisha akakimwaga, basi yeye aliiona kona kutoka mbali, akatoa mguu mapema, na gari likaingia konani taratibu lenyewe. Hajawahi kutugongesha vichwa hata siku moja. Na mteremko wa kuelekea mtoni, Kaka, huo ndio siusahau. Alikuwa anazima injini kabisa. Kelele zote zinakoma, tunabaki na mlio wa tairi na mikate ya jana ikinukia nyuma yetu, na tunasikia ndege kwenye miti, na Mama anatabasamu kwa kuwa hapo tu ndipo alipoweza kuongea bila kupiga kelele. Nikitaka kulala usingizi mzuri hata leo, nakumbuka ule mteremko.

Haya. Basi wewe, Mungu akuzidishie, ukapata cheo, ukamnunulia Baba gari lake la kwanza maishani. Sikuwahi kukushukuru vya kutosha kwa hilo, nakushukuru sasa. Siku lilipokuja mtaa mzima ulitoka. Watu wakabishana ni gari la aina gani, maana si saluni, si jipu, limeinuka kama jipu lakini limejibana kama saluni. Jirani fundi saa akasema hilo ni popo, si ndege si mnyama. Baba hakujali. Alilizunguka, akainama uvunguni, akanusa bomba la moshi. Kwenye karatasi ya muuzaji ilikuwa imeandikwa kilomita kumi na sita kwa lita, na wewe ukamsomea kwa sauti, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna mahali mvua hunyesha kwenda juu.

Sasa sikiliza. Ulipoondoka tu, Baba alianza kulichunguza. Kwenye dashibodi kuna kioo kidogo chenye namba kubwa inayoonyesha ulaji wa mafuta. Baba akaiona. Ilikuwa inasema saba na ushee.

Mama anasema mzee alifadhaika hata chai ikampoa mkononi. Saba, wakati karatasi imesema kumi na sita. Pikapu ya mikate, mbovu vile, ilikuwa inampa tisa. Aliona mwanawe amepunjwa, tena kwa fedha ya jasho lake, na akaapa kwamba hutalijua hilo kamwe, asije akakuvunja moyo. Aliamua kulitibu gari lile mwenyewe. Kama ni kumi na sita, atalifikisha kumi na sita, kwa mguu wake na akili yake.

Jumatano nilipata nafasi, nikaomba wanipe lifti, nikakaa kiti cha nyuma, Mama mbele na Baba kwenye usukani. Kaka, nilidhani nimepanda gari la mtu mwingine. Kiyoyozi kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho, hata nikajifunika kwa kitenge. Barabara kuu ilikuwa nyeupe, lakini Baba aliikwepa, akatupitisha katikati ya mji, sokoni, kwenye msongamano ambao watu wenye akili zao huukimbia. Anakanyaga mafuta, anakanyaga breki, tunasogea hatua mbili, anakanyaga tena. Tulipofika kwa rafiki yake Mama, yule mshona mapazia, Mama alishuka akaingia ndani kusalimia, na mazungumzo yakanoga kama kawaida yao. Baba hakuzima gari. Tone, Kaka. Alikaa pale injini inanguruma na kiyoyozi kinavuma, yeye amekunja mikono kifuani anafurahi.

Nikamuuliza kama anaumwa. Akacheka, akanieleza kwa utulivu kabisa, kama alivyokuwa akitueleza habari za kona. Alisema magari ya siku hizi yametengenezwa kinyume na yale ya zamani. Ukilipeleka barabara kuu kwa mwendo mmoja, namba inashuka. Ukiliingiza mjini inapanda. Ukiwasha kiyoyozi, injini inapoa, inapumua vizuri, namba inapanda. Hata tairi aligundua kwamba ukizipunguza upepo kidogo zinakanyaga vizuri zaidi, na namba inapanda. Alisema yote hayo ameyapata kwa kujaribu, bila kufundishwa na mtu, na kwamba dereva asiyekubali kujifunza uzeeni aache usukani. Kisha akaniomba nisogee nimsomee namba, kwa kuwa jua lilikuwa linapiga kwenye kioo. Macho yake ya mbali bado ni makali, anasoma bango la ng'ambo ya uwanja wa mpira, ila ya karibu ndiyo yamekwisha, na miwani ya kusomea huiacha nyumbani kwa kuwa, asema, barabara haisomwi.

Nikasogea. Namba ilikuwa kumi na nne. Lakini mimi kazi yangu ni maandishi madogo, na chini ya namba ile kulikuwa na maandishi madogo. Hayasemi kilomita ngapi kwa lita. Yanasema lita ngapi kwa kilomita mia.

Wewe ni mhasibu, huhitaji nikukokotolee, lakini nitasema wazi ili pasibaki shaka. Namba ile ikipanda, ndipo mafuta yanapoteketea. Ile saba iliyomkosesha raha ilikuwa sawa na kilomita kumi na nne kwa lita, karibu kabisa na karatasi ya muuzaji, na kwa barabara zetu hiyo ni heshima. Baba amelichukua gari zuri, akahangaika nalo mwaka mzima kwa juhudi na maarifa, mpaka akalifikisha kilomita saba. Hesabu yako haina kosa hata kidogo, Kaka. Hakuna aliyeiba. Baba alikuwa anakusomea namba sahihi kwa maana ya kinyume, nawe ukamweka mume wangu katikati.

Nilifungua mdomo nimwambie palepale. Mama alikuwa ndiyo kwanza anarudi kwenye kiti chake, akaniona ninavyoikodolea macho dashibodi, naye akapitisha mkono nyuma ya kiti akanifinya goti. Si kufinya kwa mzaha. Kule kwa zamani, kwa mbele ya wageni. Nikasema, kumi na nne, Baba. Akasema, unaona, tutafika tu.

Tuliporudi, Mama aliniita uani tukunje nguo. Alikunja shuka mbili, kisha akaanza kunieleza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni Mama. Alijua tangu wiki ya kwanza. Unamjua, husoma hata gazeti lililofungiwa sabuni, basi kile kitabu cha gari alikisoma chote, akaona maelezo ya ile namba. Alikusudia kumwambia Baba jioni ileile. Lakini kesho yake Baba akamwambia avae, wazunguke mjini, anataka kulijaribu gari. Mama akavaa. Keshokutwa tena. Anasema alikuwa mke wa dereva tangu msichana, na mji huu alikuwa akiujua kwa njia mbili tu, ya sokoni na ya hospitali, kwa kuwa mafuta hayachezewi. Sasa anapelekwa kwa rafiki zake, anangojwa mlangoni, anarudishwa, na dereva hanung'uniki. Akajiambia, ngoja kidogo. Ile kidogo ikawa mwezi, na mwezi ukazaa miezi.

Hapo nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia kwamba matembezi yake yamemfanya mume wangu aitwe mwizi. Hakuwa na habari. Nilipomweleza ulivyosema, alikaa chini na nguo mapajani. Akasema atalimaliza yeye mwenyewe kwa mkwewe. Kisha akanieleza kilichomfunga mdomo kweli, kwa sababu mimi nilimwambia, basi Mama, twende tukamwambie Baba leo.

Wewe unakijua kile kilima cha kabla ya nyumba ya Bibi. Mimi nilikuwa tumboni, wewe ndiye uliyekuwepo, ingawa ulikuwa mdogo na huenda hukumbuki. Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi minane. Baba akasimamisha pikapu chini ya kilima kama kawaida yake, abiria washuke ili gari lipande jepesi. Watu wakashuka. Mama akabaki, akidhani safari hii ataachwa aketi ndani. Baba akamzungukia, akamfungulia mlango, akamwambia taratibu tu kwamba gari likipanda na mzigo linakula mara mbili. Mama akashuka. Alikipanda kilima kile kwa miguu, juani, ameshika kiuno, nawe umemshika upindo wa nguo, na Baba akawasubiri juu. Hawakugombana. Mama anasema neno lile, mzigo, halikuwahi kumtoka. Amezaa nalo, amelea nalo, amezeeka nalo, na Baba hajawahi kujua.

Sasa, miezi michache iliyopita, wamekaa kwenye foleni sokoni, kiyoyozi kinavuma, namba inapanda, Baba akatoa mikono kwenye usukani akaiweka mapajani. Akamwambia Mama kwamba gari hili limemfundisha kitu. Kwamba maisha yake yote aliamini uzito unakula, upepo unakula, starehe inakula, akawabana watu wake kwa ajili ya matone, na kumbe alikuwa mjinga, haikuwa hivyo. Akasema anakumbuka siku ile ya kilima. Akasema kila akiona namba inapanda wakati Mama yumo ndani ameketi, anaona aibu. Akamwambia, nisamehe mke wangu, sikupaswa kukushusha.

Mama aligeukia dirisha upande wake, akajifanya anatazama maduka. Anasema magari ya nyuma yalipiga honi mpaka yakachoka.

Kisha akaniuliza mimi, Kaka, mikono imesimama juu ya shuka: sasa unataka tumwambie kwamba alikuwa sahihi siku zote? Kwamba uzito kweli unakula, na kilima kweli kilikula, na alichokosea ni hili la kuniomba radhi?

Nilijaribu kumjibu. Nilisema radhi ile ilitoka moyoni mwake, haikutoka kwenye dashibodi, na kwamba hata akiijua kweli hataichukua tena. Mama akasema huenda. Akasema tena huenda, kisha akasema yeye kwa umri huu hana haja ya kujaribu. Basi nikalia pale pale uani, na shuka niliyoikunja ikabidi ianikwe upya.

Jana Mama alikwenda karakana kwa miguu, na goti lake, akamweleza mume wangu yote na kumwomba radhi kwa niaba ya familia. Yule bwana alicheka mpaka akakaa juu ya vumbi la mbao. Jumamosi atalipeleka gari kituoni kama zamani. Kumbe mwenyewe alikuwa kila wiki anazijaza tairi upepo bila kusema, akidhani zinavuja, na Baba anazipunguza tena Jumatatu. Wamekwenda hivyo mwaka mzima kama wanafukuzana kwenye duara. Sasa atazijaza kwa makusudi, kwa usalama wa wazee, na Baba acha ashangae namba inavyomrudisha nyuma.

Nimefikia ninachokuomba. Kwanza, mpigie mume wangu. Si lazima useme mengi, mwite shemeji tu kama ulivyokuwa ukimwita, ataelewa. Pili, usiliuze gari. Najua ni wewe unayelipia haya matembezi, na si haki uyabebe peke yako, basi kuanzia mwezi ujao mimi na seremala wangu tutachangia, na katika hilo sitaki ukubwa wako. Tatu ndilo gumu, nami nakujua usivyoweza kuona hesabu imekaa vibaya ukaiacha. Ukija, Baba atakuketisha mbele, Mama atakaa nyuma na mimi, na Baba hatapita hata kona ya kwanza kabla hajakuomba umsomee namba. Msomee ilivyo. Usimsahihishe. Amengoja mwaka mzima akuonyeshe kwamba gari ulilomnunulia halikuwa na kasoro.

Mama anakusalimu na anauliza kama wale watoto wameanza kula mboga. Baba anakusalimu, hajui kwamba naandika. Mume wangu anamsalimu wifi, na wewe pia, kwa sauti ya chini kidogo lakini anakusalimu. Majirani nao wanauliza unakuja lini. Nisalimie wote huko, na mgongo wako uupumzishe.

Na siku hiyo Baba akikugeukia akasubiri uisifu namba yake, nawe ukashindwa kabisa kusema uongo, basi mwambie tu kwamba gari linakwenda vizuri. Geuka nyuma umtazame Mama alivyokaa, utaona ni kweli.

Ni mimi,
mdogo wako pekee.